Uzi wa sisi tunaosikiliza redio ndogo za mashinani (Nyanza, Magharibi, Nakuru karibuni)

Ja-Nyakach

Wadau oyawore, mulembe, chamgei, wote kwa jumla mhali gani.

Nimetoka kuzima redio saa hii. Ni saa nne na nusu usiku na stesheni yetu ndio imefunga. Iko na kawaida yake, mtangazaji anasoma mara ya mwisho nani amefariki na anazikwa siku gani, mtoto wa nani amepotea, ng'ombe wa rangi gani ameonekana kwa shamba la nani na ana kamba ama hana, alafu anasema laleni salama, anazima mtambo, na kwa redio yangu kunabaki ile shhhhh peke yake. Mimi huiacha hio shhhhh dakika moja hivi kabla nizime. Bibi yangu amezoea, haniulizi tena.

Niko Nyakach ya chini, sio mbali na Katito. Stesheni yenyewe iko ng'ambo ya mto Nyando na sitaitaja jina ju sijawaomba ruhusa na ni watu wa pole. Ni wati 100. Mlingoti wao ni mabomba ya maji yamechomewa pamoja, umeshikwa na waya pande tatu, urefu kama mita 20. Studio ilikua duka la mtu, ukutani wamebandika trei za mayai na godoro kuukuu ndio sauti isipige mwangwi, na mlango ukifunguliwa wakati wa taarifa utasikia jogoo hewani. Watangazaji ni vijana wa hapo hapo, wengi hawalipwi, wanapewa ya boda tu.

Mimi nasikiliza na redio ya mkono ya mawe (betri) mawili. Nikikaa ndani ya nyumba ya mabati siipati vizuri, mabati yanazuia, kwa hivyo jioni natoka na kiti nje chini ya mwembe. Tangu 2017 niko na daftari naandika tarehe, saa, hali ya anga, nimesikia nini na imeshika aje. Daftari ya kwanza ilijaa, hii ni ya tatu.

Nauliza hivi. Kuna mwingine hapa anasikiliza hizi stesheni ndogo? Yako inafika wapi, unaishika na nini, na nini imekufanya usiiache? Ju mimi naona zinaanza kunyamaza moja moja na hakuna mtu anasema kitu, watu wanagundua tu siku moja wamefungua wakapata shhhhh saa nne asubuhi.

Mama wa Dunga

Oyawore Ja-Nyakach. Mimi nauza omena hapa Dunga, redio kwangu ni kifaa cha kazi kama vile mzani. Sisi huku tumebahatika kidogo ju tulipata Radio Lake Victoria, ile ilianzishwa na OSIENALA, hawa marafiki wa ziwa, na inaongea Dholuo na inaongea mambo ya ziwa, upepo, gugu maji limesukumwa upande gani, samaki. Mtu wa Nairobi hawezi kujua gugu likiingia ghuba usiku asubuhi boti hazitoki na bei yangu imeharibika. Mimi nikisikia hio mapema naagiza kidogo.

Bwana yangu akienda kuvua na taa usiku hubeba redio amefunga na karatasi ya nailoni. Anasema katikati ya maji usiku wa manane stesheni za Mwanza na Musoma zinaingia kama ziko kando yake, Kiswahili kile kitamu chenyewe, alafu jua likichomoza zinapotea. Hio ni nini, kuna mtu anaelewa?

Fundi Kondele

Mama salamu. Hio nitakujibu, na Ja-Nyakach asante kwa huu uzi, mimi natengeneza redio Kondele miaka mingi na siku hizi naletewa simu tu.

FM inasafiri kama macho yanavyoona. Kukiwa na kilima katikati, umefungiwa. Kusipokua na kilima, dunia yenyewe imejipinda, kwa hivyo urefu wa mlingoti ndio unaamua sana kuliko wati. Mlingoti wa mita 20 kama huo wa Ja-Nyakach kwa uwanda wa Kano unafika kama kilomita 18 kwa mtu ameshika redio chini. Lakini huyo mtu akipandisha eriali yake kwa mti mita 9, anajiongezea kama kilomita 12 zake mwenyewe, inakua 30, na stesheni haijaongeza kitu. Watu huja kuniambia ile stesheni iko na nguvu kidogo wangenunua mtambo mkubwa. Ukitoa wati 100 ukaweka 400, nguvu ya mawimbi pale ulipo inaongezeka mara mbili tu, sio mara nne, na stima ya wati 400 nani atalipa? Panda juu kwanza.

Sasa ya ziwa usiku. Ardhi ikipoa usiku, hewa ya chini inakua baridi na ile ya juu yake inabaki na joto. Hapo katikati panakua kama bomba, mawimbi yanainama yanafuata ziwa badala ya kupaa juu yapotee. Ziwa ni tambarare hakuna mlima wa kuzuia. Jua likitoka hewa inachanganyika na bomba inavunjika. Ndio maana bwana yako anapata Mwanza saa nane usiku na saa tatu asubuhi hakuna kitu.

Mambo madogo ya kusaidia usikivu, hizi nimejaribu mwenyewe. Simamisha eriali wima, stesheni ndogo nyingi wanarusha wima na ukilaza yako unapoteza bure. Kama redio iko na swichi ya stirio na mono weka mono, stirio inahitaji mawimbi mazito zaidi na kwa stesheni ya mbali inakuletea mkwaruzo tu. Simu yenye FM haifanyi bila waya wa maskioni ju huo waya ndio eriali. Zima chaja za bei rahisi na zile balbu zinapiga kelele uone tofauti.

Na eriali ya waya mtu yeyote anaweza kutengeneza. Chukua 7,125 gawanya kwa frikwensi ya stesheni yako, jibu ni sentimita za kila mkono. Stesheni iko 100 basi kila mkono ni sentimita 71. Waya mbili hizo, moja inaelekea juu na moja chini, katikati unafunga kebo ya TV, uzi wa ndani kwa mkono mmoja na wavu kwa mwingine. Ining'inize kwa fito ama bomba la plastiki, usifunge kwa chuma. Upande wa redio, uzi wa ndani unauma ile eriali ya kuvuta na wavu unaupeleka pale waya hasi wa mawe upo. Gharama ni kebo peke yake.

Ja-Nyakach

Fundi hapo kwa 7,125 umenifungua macho, miaka yote nilikua nakata waya kwa kukisia. Kesho nafanya.

Kijana wa Milimani

Shikamooni wazee. Nauliza kwa heshima kabisa. Hizi stesheni kubwa za lugha zetu ziko, Ramogi iko, Mulembe iko, KBC wako na Mayienga hapa Kisumu, zinafika kila mahali na sauti safi. Na kijiji chote kiko kwa grupu ya WhatsApp, mtu akifariki tunajua kabla mwili ufike mochari. Sasa mtu anapanda mti na waya kutafuta wati 100 kwa nini? Mimi nikienda nyumbani kwa kina mama Nyakach naona wazee wamekaa na redio inakwaruza na najiuliza wanapata nini hapo. Sio madharau, nataka kuelewa.

Ja-Nyakach

Kijana marahaba. Umeuliza vizuri na nitakujibu na kitu kimoja nilichokiona, nisameheni ni ndefu.

Ile mvua kubwa ya 2024 mnaikumbuka. Jioni hio hapa kwetu hakukua na mvua, nyota zilikua juu, mtu yeyote angelala akijua usiku ni wa amani. Lakini Nyando haifuriki ju ya mvua ya Kano. Maji yanatoka juu, Tinderet, Londiani, milima ya Nandi, mvua inapigwa huko mchana na mto unaileta kwetu usiku wakati watu wamelala. Hio ndio inatumaliza miaka yote, maji yanakuja na anga ni safi.

Stesheni kubwa zilikua na mpira. Na sizilaumu, zinaongea na mamilioni ya watu, haziwezi kusimamisha kila kitu kwa sababu ya kata moja. Nilikua kwa yetu, wanapiga ohangla, alafu kama saa tatu kasoro wimbo ukakatwa katikati. Yule msichana mtangazaji akasema mtu amepiga kutoka upande wa Muhoroni, mto umebadilika rangi na unabeba magogo. Muhoroni redio yetu haifiki! Huyo mtu alipiga ju dada yake ameolewa huku na anajua dada hulala na redio. Baada ya hapo simu zikaanza kuingia moja baada ya nyingine, kila anayepiga yuko karibu zaidi na sisi, unasikia mto unavyoshuka kwa sauti za watu. Yule msichana akaacha kabisa kusema "wasikilizaji wetu". Akaanza kuita kwa majina ya maboma. Boma la mzee fulani, tokeni. Walio nyuma ya posho mill, msipite njia ya chini, pitieni kanisani. Shule ya msingi imefunguliwa, mwalimu mkuu yuko na funguo yuko kwa geti na tochi.

Saa tano stima ikapotea. Kimya. Mimi nilisikia moyo wangu unadunda, nilidhani ndio basi. Dakika kama nne hivi wakarudi, sauti iko chini kidogo, walikua wameweka betri ya gari.

Mama yangu mzazi ana miaka themanini na kitu na alikua kwa nyumba yake karibu na mto, hakubali kuhama. Simu yake ni ile ndogo na usiku anaizima kuokoa chaji. WhatsApp hana na hatakua nayo. Tulipofika na mkokoteni kumtoa tulimpata nje amesimama kwa giza, ameshika mbuzi mmoja kwa kamba na redio kwapani inaongea. Akaniuliza mbona mmechelewa. Maji yaliingia kwa hio nyumba kama saa nane. Kuku walienda wote na ghala ikaanguka.

Kijana, grupu yetu pia ilikua inaandika usiku huo, nilisoma baadaye. Ilikua na jumbe mia tatu na kitu na karibu nusu ilikua picha za mafuriko ya mahali pengine, ya mwaka mwingine. Mtu mmoja mwenye mikrofoni, anayejua posho mill iko wapi na nani ana funguo ya shule, huyo ndiye aliyetutoa. Sauti inakwaruza kweli. Lakini inasema jina la boma letu.

Kijana wa Milimani

Nimesoma mara mbili. Asante mzee. Mama mzima wa afya siku hizi?

Ja-Nyakach

Yuko. Alirudi pale pale, tulimwinulia msingi wa nyumba. Redio ni ile ile.

Mnyore Halisi

Mulembe wandugu. Nimeguswa na hio ya Ja-Nyakach, na niongeze ya huku kwetu ju watu wanadhani hizi stesheni ni za nyimbo tu. Idara ya Hali ya Hewa iliona kitambo kwamba utabiri unaandikwa Nairobi kwa Kiingereza na haumfikii mkulima, ndio wakaanza zile stesheni ndogo za mpango wa RANET. Budalang'i wakapata Bulala FM kwa sababu ya mto Nzoia, ju watu wa kule wakisikia tuta limepasuka hawana dakika za kupoteza. Na hapa Bunyore kuna wazee wa Nganyi, ukoo unaojulikana kwa kusoma mvua tangu mababu, wanaangalia miti inatoa majani lini, siafu, ndege, upepo wa asubuhi. Kuna wakati wataalamu wa hali ya hewa walikaa chini na hao wazee wakalinganisha, huyu anasema hivi kwa mitambo na yule anasema hivi kwa miti, alafu wanakubaliana utabiri mmoja wa msimu na unatolewa kwa Lunyore.

Kukhu (nyanya) wangu hakuwahi kuamini utabiri wa redio maisha yake yote. Siku alisikia umesemwa kwa lugha yake na wazee anaowajua wametajwa, alipanda mahindi siku walisema. Mimi nilikua kijana nilishangaa sana, ju nilikua nimembembeleza miaka na magazeti.

Swali kwa fundi. Huku kwetu kuna vilima kila mahali, Maragoli kule na mawe makubwa hapa, nashika stesheni ya upande wa pili nikiwa barabarani lakini nikishuka nyumbani bondeni hakuna. Nifanye aje?

Fundi Kondele

Bonde ni bonde ndugu, mawimbi hayachimbi udongo. Pandisha fito juu kabisa kwa upande wa mteremko unaoangalia stesheni, shusha kebo ndani ya nyumba. Kebo isizidi mita 20 hivi ndio usipoteze njiani. Wakati mwingine pia utapata mawimbi yamegonga jabali ng'ambo yakarudi kwako, kwa hivyo usiamini dira peke yake, zunguka na redio mkononi polepole ata hatua moja moja. Hatua moja na nusu inaweza kubadilisha kila kitu ju wimbi lenyewe lina urefu wa kama mita 3.

Shosho Bahati

Wakisumu hamjambo. Mimi niko Bahati, Nakuru, nimesoma yote na mjukuu ndiye ananiandikia. Nataka kuongea juu ya mawe. Mnasema redio ndogo redio ndogo, lakini redio ni mawe. Nilifanya kazi miaka mingi Nakuru na nilikua napita kiwanda cha Eveready asubuhi nikienda, pale ndio mawe ya paka yalikua yanatengenezwa, Kenya nzima ikisikiliza redio ni Nakuru imefanya isikilize. Kiwanda kilifungwa 2014. Siku hizi mawe yanatoka nje, mengine yanalia wiki moja yanakufa na yanamwaga maji ndani ya redio yanakula vyuma.

Mimi nafanya hivi, mawe yakianza kuchoka siweki moja mpya moja mzee, hapana, yule mzee anamharibu mpya. Nabadilisha yote pamoja. Na nikiwa sisikilizi siku mbili tatu natoa mawe nje kabisa. Tukiwa wadogo tulikua tunayaanika juani yapate nguvu, yalikua yanapata kidogo kweli, wimbo mmoja au mbili hivi, unangoja hio wimbo moja kama chakula.

Stesheni ya kwetu ilikua ndogo ya kanisa, ilikua inasoma salamu. Nilikua naandika salamu kwa karatasi napeleka na miguu. Ilinyamaza. Hakuna mtu alituambia ni kwa nini. Bado sijatoa sindano ya redio pale kwa namba yake.

Ja-Nyakach

Shosho hio ya mwisho imenishika. Mjukuu msomee, mwambie nami ningeacha sindano hapo hapo.

Mwalimu Mstaafu, Homa Bay

Vijana, mnaongea kama hizi redio za jamii zililetwa juzi. Hebu niwape historia ju niliishi ndani yake nikiwa mwalimu mchanga.

Mei 1982, Homa Bay yetu hapa ilipata stesheni ya FM ya watu wa hapa, ikiongea Dholuo, kwa msaada wa UNESCO pamoja na Sauti ya Kenya, redio ya serikali. Mara nyingi inahesabiwa ndio redio ya jamii ya kwanza Afrika. Mtambo ulikua wa wati 10. Kumi. Vifaa vilichaguliwa vya bei ya chini makusudi, ndio ionekane kwamba ata mji mdogo unaweza kua na sauti yake bila mamilioni. Kumbukeni wakati huo hakukua na stesheni ya mtu binafsi Kenya, zilikuja miaka ya tisini, ilikua Sauti ya Kenya kutoka Nairobi na basi. Sasa unafungua redio unasikia mtu anaongea Dholuo ya hapa kando ya ziwa, na kikohozi cha hapa, anaeleza mambo ya chanjo na shamba na anajua soko ni siku gani. Wengine walidhani ni mchezo wa watoto wa shule.

Agosti mwaka huo huo likatokea lile jaribio la mapinduzi, na mnajua waasi walikimbilia wapi, walikimbilia Sauti ya Kenya, wakatangaza hewani. Baada ya hapo serikali na kipaza sauti chochote nje ya Nairobi hawakua marafiki. Stesheni yetu ilifungwa 1984. Sheria ya kutambua redio ya jamii kama kundi lake, mbali na ya umma na ya biashara, ilikuja na marekebisho ya 2009. Hesabuni miaka hapo katikati.

Nawaambia hivi ili Ja-Nyakach ajue anachoandika kwa daftari yake kina maana. Sisi wa 1982 hatukuandika. Nikiulizwa leo ilikua inafunguliwa saa ngapi, nani alisoma nini, wimbo gani ulipigwa wa kwanza, siwezi kukwambia, na wengi walioweza wamelala. Andika. Andika ata ya jogoo.

Boda wa Awasi

Mimi nasikiliza hio hio ya Ja-Nyakach nafikiri, nimeitambua kwa jogoo. Lakini tuseme ukweli wote. Wakati wa kampeni ilikua ya mtu mmoja, asubuhi yeye jioni yeye, mpaka tukaizima. Na kuna mtangazaji mmoja akishachelewa anaweka mahubiri ya kurekodi masaa matatu mfululizo. Nawapenda lakini hio ilituuma.

Ja-Nyakach

Umesema kweli na iko kwa daftari, nimeandika tarehe na masaa. Nilienda nao ana kwa ana, nikawasomea. Hawakukasirika. Wakaniambia mwezi huo kodi ya chumba ilikua imedaiwa na mwenye nyumba ameleta kufuli, na mwanasiasa alikuja na pesa mkononi. Redio ya jamii hairuhusiwi kufanywa ya faida, matangazo ya biashara yenyewe yanatakiwa yawe ya hapo hapo, sasa hapo hapo nani anatangaza? Posho mill, dawa za mifugo, shule. Mwenye posho mill analipa na unga. Hio si kuwatetea, walikosea na tuliwaambia, ila ukitaka isiuzwe kwa mtu mmoja inabidi iwe na wenyewe wengi. Tulianza kuchanga, boma hamsini na kitu, shilingi hamsini kwa mwezi, mwingine analeta mayai. Haitoshi lakini kodi inalipwa. Kamati sasa iko na mama wawili wakali sana na ile mambo ya asubuhi yeye jioni yeye haijarudi.

Boda, njoo kikao cha mwisho wa mwezi, sema hivyo hivyo ulivyosema hapa.

Boda wa Awasi

Nitakuja. Na hamsini yangu.

Mama wa Dunga

Fundi nimemsomea bwana yangu ile ya bomba la hewa juu ya ziwa. Amenyamaza kidogo akasema sasa usiku nikisikia Mwanza vizuri nitajua hewa imetulia. Ameanza kuitumia hio kama dalili yake. Iko sawa?

Fundi Kondele

Iko sawa kwa kiasi mama, bomba hutokea sana hewa ikiwa shwari. Lakini usiku ni mrefu na ziwa linabadilika ghafla, aangalie mawingu na asikilize utabiri kwanza. Mwanza iwe ya pili.

Kijana wa Milimani

Wazee nimerudi. Wikendi nilienda Nyakach kwa kina mama, upande wa juu, Nyabondo. Nilitengeneza ile waya ya fundi, frikwensi nilipewa na Ja-Nyakach inboksi, kila mkono sentimita 75 kwa hesabu yake. Nikaifunga kwa fito ya mwanzi ukingoni pale unapoona Kano yote chini mpaka ziwa. Redio niliazima kwa mjomba.

Jumamosi saa moja jioni. Mwanzoni kulikua na stesheni kubwa jirani inaimeza, nikasogeza fito kidogo, ikatoka. Safi kuliko nilivyotarajia. Nimeandika kama Ja-Nyakach anavyoandika: anga mawingu kidogo, upepo kutoka ziwani, wimbo wa benga, tangazo la chanjo ya mbuzi Jumanne, alafu jogoo (ndio nikajua niko mahali pake).

Alafu wakasoma matangazo ya vifo. La tatu lilikua la mzee mmoja wa boma la chini, binamu ya nyanya yangu, yule alikua ananibeba kwa baiskeli nikiwa mdogo nikija likizo. Sikua najua. Mama hakua anajua. Kwa grupu hakukua na kitu. Mazishi ni Ijumaa, wameomba viti na turubai ju mvua inatarajiwa. Nilikaa hapo kwa jiwe mpaka saa tatu.

Ja-Nyakach

Pole sana kijana, pole na mama pia. Nilisikia tangazo hilo nikiwa hapa chini, sikujua ni wenu.

Viti viko arubaini vya kanisa, na turubai moja iko na tundu dogo upande mmoja lakini itafaa. Waambie wafiwa mkokoteni utatoka kwangu Alhamisi alfajiri, wawe na mtu wa kuupokea pale kwa daraja.